Siku Niliyopanda Gari la Makame

Assalamu alaykum, ndugu zangu! Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyenitoa kwenye hofu akanitia kwenye raha. Nimeomba ruhusa ya kusema maneno machache kabla hatujagawa halua, kwa sababu maulidi haya ni ya shukrani, na shukrani ikifichwa moyoni huoza.

Mimi ni Mwaka, mke wa Vuai, wa hapa hapa Donge. Wengi mnanijua. Lakini wageni hawajui kuwa mwanamke huyu mnayemwona anacheka alikuwa maiti inayotembea.

Nilikuwa na mdogo wangu, Mize. Tulizaliwa wawili tu kwa mama yetu. Mama anakaa mjini, mtaa wa Ng'ambo, sisi tuliolewa huku shamba. Mize alikuwa mwepesi wa kucheka, na mkono wake ukipika mchuzi wa pweza, jirani wa tatu anabisha hodi. Tangu vita vile vikubwa vya Wazungu vilipokwisha, magari yamezidi kisiwani petu, nanyi mnajua tabia iliyoingia barabarani. Gari mbili za shamba zikikutana njiani kurudi mjini, hugombania abiria wa kituo cha mbele. Na abiria waliomo ndani, badala ya kupiga kelele za kuogopa, hupiga za kushangilia: "Mpite! Mpite!"

Siku ile ilikuwa asubuhi, jua limeshapanda, msimu wa karafuu. Mize alikuwa anatembea pembeni mwa barabara na kikapu cha muhogo kichwani. Gari mbili zikatokea kwenye kona zinashindana. Ya nyuma ikatoka kuipita ya mbele, njia ikawa nyembamba, ikaenda kumkuta Mize kwenye majani. Ndugu zangu, hakusema neno. Nilipofika nilikuta muhogo umetapakaa barabarani na watu wamemfunika kanga. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun!

Dereva aliitwa Makame, kijana wa kijiji cha pili. Alihukumiwa, akafungwa. Alipotoka, wazee wake walikuja kuomba radhi. Mume wangu aliwapokea. Mimi nilijifungia chumbani hadi wakaondoka.

Hofu iliyoniingia siwezi kuieleza yote. Nikisikia honi, jasho linanitoka mgongoni. Kwenda kisimani nnazunguka kwa njia ya mikarafuu ili nisiiguse barabara. Harusi za mjini zikapita, sikwenda. Mama yangu akaugua homa Ng'ambo, akatuma salamu kuwa ananitaka. Nikafunga furushi la nguo, nikafika kituoni, gari likaja, miguu ikakataa! Nikarudi nyumbani nnalia njia nzima. Nilinywa kombe la maji ya aya, nilifukizwa ubani, nilifungwa hirizi. Hofu ikabaki pale pale. Hata nilipopata mimba sikufurahi. Nilijiuliza, mtoto huyu nitamlea vipi, naye atataka kutoka nje ya mlango?

Siku ya kuzaa ikafika. Uchungu ulinianza alfajiri, na jua likapanda mtoto bado. Mama mkwe wangu, Bi Kazija, yule pale aliyekaa na bakora yake, ndiye mkunga wetu. Alinipapasa tumbo. Kisha akamwita Vuai mlangoni.

"Mtoto amelala mkingamo," alisema. "Hili si langu, ni la hospitali. Tafuta gari."

Gari za abiria zilikuwa zimeshakwenda mjini zote. Vuai akatoka mbio hadi barabarani. Aliporudi nikasikia mlio wa gari uani, na uchungu wote ule, nikauliza, "La nani?"

 Sauti ya nje ya dirisha ikajibu kabla ya Vuai.

"Ni mimi, Bi Mwaka. Makame. Nnabeba nazi siku hizi."

Nikapiga ukelele. "Silipandi! Bora nife hapa hapa!"

"Nnajua mimi ni nani kwako," akasema. "Sikuombi unisamehe leo. Nnakuomba upande tu."

Bi Kazija akanishika uso kwa mikono miwili. "Mwanangu, nimezalisha wanawake tangu ujana wangu. Chuki haijapata kuzalisha mtu. Inuka!"

Wakanibeba. Wakatandika godoro la sufi juu ya makumbi ya nazi, nikalazwa nyuma ya gari, Bi Kazija kaniwekea kichwa mapajani mwake, Vuai kasimama ameshika ubao.

Ndugu zangu, gari likaondoka taratibu. Kila kona honi, kila kona anapunguza. Akimwona mtu wa baiskeli anangoja mpaka apate nafasi. Tulipofika Mahonda tukakuta gari la ng'ombe limejaa nazi katikati ya njia. Makame akangoja lisogee. Vuai akashindwa kuvumilia, akapiga paa kwa ngumi.

"Kaza mwendo, Makame! Mke wangu anakufa!"

Makame akajibu bila ya kugeuka, "Nshapata kukimbia, Vuai. Nnajua nilikofika."

Vuai akashusha mkono.

Mimi nilikuwa nimefumba macho, nnasoma kila aya niliyofundishwa. Tukaanza mteremko wa kushukia Bububu. Hapo pana chuo cha Kurani kando ya barabara, na watoto ndiyo kwanza wanafunguliwa. Nikahisi gari linasimama. Halikuyumba, matairi hayakulia, lilisimama tu. Nikainua kichwa nitazame juu ya ubao. Kitoto cha kike, ushungi umekiangukia begani, kilikuwa katikati ya barabara, mbele kabisa ya gari. Kilikuwa kimekimbia bila ya kutazama, kama watoto wanavyokimbia. Kikatutazama, kikacheka, kikavuka kwenda kwa wenzake.

Kizima! Ndugu zangu, kizima, kinacheka!

Kupitia kidirisha cha nyuma nikamwona Makame ameinamisha kichwa kwenye usukani. Hakuweza kuondoa gari. Na mimi, ambaye sikuwahi kulitamka jina lake kwa mdomo wangu, nikanyoosha mkono nikagonga kidirisha.

"Makame," nikasema. "Twende. Endesha hivyo hivyo."

Wallahi, pale pale kitu kizito kilinitoka kifuani. Tukapita Mtoni, upepo wa pwani unanipiga uso, na uchungu upo, lakini hofu haimo! Mungu alinifungua juu ya makumbi ya nazi. Nilikuwa nimemwomba aniondolee barabara, Yeye akanipitisha barabarani.

Hospitali walinipasua, wakamtoa mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti kama ya muadhini. Tulimwita Kazija, kwani bibi yake asingetusemesha tungempa jina jingine. Mama yangu alikuja kutoka Ng'ambo, akanikumbatia. Nikamwuliza Vuai, "Makame yuko wapi?" Akasema amekaa kwenye ngazi nje, hataki kula wala kuondoka. Nikamwambia, "Mwambie nimemsamehe. Na mwambie ale."

Vuai alinieleza kuwa Makame alilia mpaka wapita njia wakasimama.

Tuliporudi, wanawake wa Donge tulikaa tukashauriana. Dereva ana makosa yake, lakini ni nani anayempigia makofi? Tukaahidiana kuwa gari likishindana, sote tunashuka. Wanaume walitucheka. Basi siku moja tunakwenda sokoni, kijana mmoja akaanza kumfukuza mwenzake. Bi Kazija akagonga ubao kwa bakora: "Simamisha! Tunashuka!" Tukashuka na vikapu vyetu na kuku wetu, tukakaa kwenye majani. Kijana akatazama gari lake tupu. "Mama zangu, nisameheni, jua kali, pandeni." Bi Kazija akamwambia, "Tutapanda ukishapoa." Tukamkalisha pale mpaka akapoa khasa! Tangu hapo madereva wa njia hii wakiona kanga za Donge hushika adabu.

Nami sasa nnakwenda mjini kila nikitaka. Mwanangu namkalisha dirishani ahesabu minazi. Mama yangu nnamwona. Nimeridhika, ndugu zangu, nimeridhika kweli kweli. Mize sikumsahau, na dua yake nnaisoma kila Ijumaa, lakini nnaisoma kwa moyo ulionyooka.

Namshukuru Mola wangu, namshukuru mama mkwe wangu, nawashukuru nyote mliokuja. Na kama yupo hapa aliyefungiwa ndani na woga kama nilivyokuwa, asione haya. Kesho asubuhi gari la mjini litapita. Njoo ukae karibu yangu. Nitakushika mkono mpaka tufike.