Noti kwa Noti

"Enzi zile, mama, noti yenu moja ilikuwa noti yetu moja," dereva mstaafu wa lori alimwambia muuza duka aliyeketi mbele yake, treni ikikaribia mpaka wa nchi zao mbili.

"Zote nilizitia droo moja!" Mama akacheka, harufu ya droo ile ikamrudia. "Kisha nyinyi mkafunga mpaka, fedha yetu ikaporomoka."

"Wapi! Mlichapa noti kama magazeti."

Treni ikasimama stesheni ya mwisho upande wa nchi ya mama. "Noti mia za huku kwa noti moja ya ng'ambo!" mbadilisha fedha akanadi dirishani.

Dereva akachomoa noti yake ya ng'ambo, akamnyooshea mama. Mama akaelewa, akampa yake. Noti kwa noti.

"Wazee, mmerogwa?" mbadilisha fedha akauliza.

Mama akaitia noti kifuani, akainuka. "Lakini mpaka mliufunga nyinyi," akasema, akashuka.