Fundi Sanduku na Njia Yake ya Tatu

Ndugu waombolezaji, marehemu kaka yetu, ambaye kazini walimwita Fundi Sanduku, alizaliwa tarehe 9 Mei 1967, kifungua mimba wa fundi cherehani na mkunga, akaanza darasa la kwanza mwaka 1974 katika shule iliyokuwa nyuma ya nyumba yetu, akaendelea na sekondari, na mwaka 1990 akahitimu chuo cha ufundi, fani ya elektroniki, akiwa tayari na ubishi ule tuliomjua nao hadi juzi.

Tarehe 3 Februari 1992 aliajiriwa na kampuni ya mashine za kuhifadhi kumbukumbu za maofisi na hospitali, akapewa kazi ya kutunga amri za kidhibiti, yaani ubongo unaoamua kila kumbukumbu ikae wapi kwenye diski. Kwa tusiojua, amri inaweza kupewa kitu chenyewe mkononi, au ikaambiwa kipo sanduku fulani, ndivyo alivyoita kila nafasi kwenye diski, au, na hii ndiyo njia ya tatu aliyoipigania, ikaambiwa iende sanduku fulani, isome humo namba ya sanduku ambalo kitu kipo sasa, ili kikihama ibadilishwe namba hiyo moja tu na pasipotee kitu. Alitueleza haya mezani kwa kuhamisha vikombe vya chai, tukamcheka, na shemeji yetu anasema kikombe chake anakitafuta hadi leo.

Shemeji huyo, mwalimu wa hesabu, marehemu alimwoa tarehe 20 Julai 1996, wakajaliwa mabinti wawili, wakawalea katika nyumba ya kampuni yenye geti la kijani.

Mwaka 2011 mkuu wa kitengo aliamuru njia ya tatu iondolewe, eti inachelewesha mashine, marehemu akapinga kikaoni mbele ya wenzake wote, akaambiwa anajifanya mjuaji, na Machi iliyofuata, kumbukumbu za hospitali moja zilipohamishiwa diski mpya, kidhibiti kikaenda kusoma kule kule kwa zamani, kikawaletea madaktari habari za wagonjwa wengine. Kaka yetu akatolewa kafara, wenzake waliomsikia kikaoni wakainamisha vichwa kama waliodondosha sindano, akafukuzwa kazi, familia ikatolewa nyumbani, na njia yake ikarudishwa kimyakimya mwaka huo huo, nayo inatumika mpaka leo. Inauma, na hatutasema haiumi.

Presha ilimwanza mwaka 2013, kiharusi kikampata mwaka 2021, na muda wote huo hakuomba kurudishwa kazini, aliomba mmoja tu wa wale wa kikaoni aseme kweli akiwa hai aisikie. Alifariki Jumanne, tarehe 12 Novemba 2024, bila kuisikia.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, na majirani waliombeba mikononi lifti ilipokuwa mbovu. Tunawashukuru pia wafanyakazi wenzake kwa shada la maua, ingawa jana mlilipeleka kwanza kwenye nyumba yenye geti la kijani, mlikomtoa wenyewe, mpangaji wa sasa akawaelekeza huku, kwa kuwa miaka yote hii hakuna aliyejali kuuliza alihamia wapi. Mwenye neno kuhusu kikao kile bado ana nafasi, mabinti zake wako hapa wanasikiliza.

Kaka, hapo ulipo hakuna wa kukuhamisha tena, pumzika kwa amani.