Mchicha Kwenye Kikombe cha Mswaki

Fundi cherehani alitaka kusinzia kidogo kwenye basi, lakini mwanamume wa kiti cha pembeni yake alikuwa amepakata mche wa mchicha ndani ya kikombe cha mswaki, mizizi ikielea majini bila chembe ya udongo, na mtu wa namna hiyo hanyamazi.

“Nilitoboa vifuniko vya makopo yote ya jikoni nikaotesha mboga kwenye maji, dada yangu. Zikastawi ajabu!”

“Na mchele mkaweka wapi?”

“Kwenye foronya. Hapo ndipo mke wangu alipokusanya makopo yake akaenda kwao.”

Fundi akamwonea huruma. “Kwa hiyo sasa unamfuata?”

Basi likasimama. Mwanamume akainuka, kakumbatia kikombe. “Namfuata, dada yangu. Mche umeshakua huu, unahitaji lile kopo la mchele.”