Viatu vya Nusra

“Hachezi, Bwana Balwinder, nimeshasema, na viatu vyake ndo hivi ninavyo,” Mzee Mbarouk alimjibu jirani yake, basi likiingia mtaani kwao Walthamstow, huko ughaibuni. Mfuko wa viatu vya kriketi kaupakata kama kichanga.

Balwinder, Singasinga wa Nakuru anayefundisha timu, akacheka. “Mzee, kesho watu wa timu ya kaunti wanakuja kumtazama mjukuu wako. Msichana mdogo, anarusha mpira namna ile! Bega litapoa.”

“Ndo mlivyosema kwa mwenzake. Leo hata nywele anachanwa na mamake. Mnawachuma wabichi watoto wa watu.”

“Unamzibia riziki.”

“Riziki ataikuta. Bega jengine hana. Haya, tuteremke, ukafuturu kwetu.”

Basi zima lilikuwa linasikiliza, na Kiswahili hakuna aliyekijua.

Nyumbani adhana ikalia redioni, wakaketi wote mkekani. Nusra akanyoosha mkono wa kulia achukue tende, ukagoma njiani. Akaichukua kwa kushoto, macho chini. Nyumba ile hakuna aliyewahi kula kwa kushoto akasalimika.

Mzee hakumkemea. Alimsogezea Balwinder sahani ya kalimati, akauvuta ule mfuko wa viatu, akaukalia.