Madaftari Ishirini na Tisa ya Fundi Futi

Kijiwe chenyewe ni benchi moja tu la mbao, mbele ya kibanda cha fundi cherehani, lenye miguu mitatu ya mti na wa nne wa tofali. Mwenye kibanda wanamwita Fundi Futi, kwa kuwa futi yake ya kupimia haitoki shingoni hata akienda msibani. Asubuhi hiyo cherehani ilikuwa kimya. Fundi alikaa benchini amenyoosha mguu wa kulia, goti limemvimba kwa miaka ishirini na sita ya kukanyaga pedali, na ubavuni kwake kulikuwa na boksi la madaftari ishirini na tisa. Ndani yake kuna kifua, kiuno, nyonga na urefu wa kila mtu aliyewahi kushonewa pale. Saa nne angekuja bwana mmoja wa kampuni ya nguo ya ng'ambo kuyachukua, na badala yake angemwachia cherehani mpya ya umeme.

— Yaani mtu anakupa cherehani ya umeme kwa makaratasi yaliyotafunwa na mende, alisema Spana, fundi pikipiki wa kibanda cha pili. Na wewe umenuna kama umefiwa!

— Hayo si makaratasi, ni data, alisema Asilimia. Mzee huyu alistaafu ukarani wa takwimu, na hamalizi sentensi bila kutaja mia kwa ngapi. Akaendelea: asilimia tisini ya utajiri wa dunia siku hizi ni data. Nchi isiyojua watu wake inauziwa vitu kwa kubahatishwa.

— Hiyo tisini umeitoa wapi, mzee wangu? aliuliza Mama Kahawa, muuza kahawa wa kijiwe, huku akimmiminia kikombe.

— Ni makadirio.

— Nilijua.

Spana alivuta kikombe chake karibu.

— Mimi nakubaliana na mzee. Nikifungua pikipiki najua imevunjikia barabara gani. Wangeniuliza, lami ingepelekwa kwenye mashimo, nyanya zifike sokoni zikiwa nyanya, siyo rojo.

— Na mimi watu wakianza kuagiza nusu kikombe, alisema Mama Kahawa, najua mwezi umekaza hata kabla redio haijasema.

— Si ndiyo hayo! Asilimia alipiga goti lake. Sasa tuunganishe. Tukijua viuno vya nchi nzima, tunajua nani anashiba. Tukijua nani anashiba, tunajua mavuno yalikuwaje.

— Tukajua na viuno vya majirani, Spana alimdaka, tunawauzia unga kabla wenyewe hawajahisi njaa!

— Hapana, alisema Asilimia, tuanze kwa kufungia vya kwetu. Madaftari yote ya nchi yawekwe handakini, na mlinzi na mbwa mlangoni. Mgeni akitaka kujua kiuno cha mwananchi, alipe ushuru kwa kila inchi.

— Na mwananchi akinenepa? aliuliza Mama Kahawa.

— Pato la taifa limepanda!

Benchi zima lilicheka mpaka tofali likasogea. Fundi naye alicheka, ila kicheko kilimkatikia njiani. Usiku uliopita mkewe alimkanda goti kwa maji ya moto akamwambia, "Baba, chukua hiyo mashine. Madaftari hayakukandi."

Hapo akafika muuguzi mmoja wa hospitali ya mtaa wa juu, mfuko begani. Hakuwa mtu wa kijiwe. Alifuata suruali zake mbili za kazini.

— Habari za hapa? Fundi, zimekuwa tayari?

— Tayari, Sista. Nimepunguza urefu, nimeongeza nyonga.

— Ahsante. Sare zinaletwa na meli, zimeshonwa kwa ajili ya watu nisiowajua. Wodi nzima tunazileta kwako. Akaliangalia boksi, akauliza: Unahama?

Spana alimweleza yote, pamoja na handaki na mbwa. Sista alisikiliza, kisha akamgeukia Fundi.

— Na ukiyasoma yote pamoja, yanasema nini?

Fundi alishika futi shingoni. Kila mstari mle aliuandika kwa mkono wake, akamshonea mwenye vipimo nguo, akafungua ukurasa mwingine. Haikuwahi kumjia akilini kwamba mistari ile yote ingeweza kusema neno moja.

— Sijui, Sista, alisema. Sijawahi kuyasoma.

Gari dogo la mizigo lilisimama. Bwana wa kampuni alishuka akitabasamu, na nyuma yake cherehani ikang'aa ndani ya nailoni.

— Fundi wangu! Tupakie?

— Kaka, hebu niambie. Nyinyi mnayatakia nini?

Yule bwana hakuficha.

— Tunataka kujua watu wa huku wameumbwaje. Tukishajua, tunawaletea nguo zinazowakaa. Hata kupunguziwa hazitahitaji.

— Kupunguza ndiyo kazi yangu.

— Ndiyo maana tunakupa mashine.

— Nibaki na mashine, nimshonee nani?

Bwana alicheka kidogo, akasema wanaweza kuongeza mashine ya pili. Fundi aliiangalia ile nailoni. Goti lilimpwita. Kisha akalivuta boksi chini ya benchi, kati ya miguu yake.

— Rudi nayo, kaka. Siwezi kukupa kitu ambacho sijajua ni nini.

Gari lilipoondoka hakuna aliyempongeza. Asilimia alinyanyuka tu, akaenda kwake, akarudi na karatasi kubwa, rula na miwani. Spana alikaa chini na daftari la juu kabisa akaanza kusoma kwa sauti:

— Mama Kahawa! Nyonga inchi arobaini na...

— Wee! Birika lilikuwa hewani. Malizia nikumwagie!

Kuanzia hapo wakakubaliana: jina linabaki daftarini, namba peke yake ndiyo inatoka. Walifanya hivyo siku tisa, asubuhi kabla ya kazi. Asilimia alipiga mistari mpaka vidole vikawa bluu, na kila Fundi alipochoka alimkemea kama karani mpya. Ilipoisha, karatasi ilionyesha kitu cha wazi kabisa: suruali za meli, zikilinganishwa na vipimo vile, zilizidi inchi tatu urefu kwa wanawake saba katika kila kumi, na saizi tano tu, zilizokatwa kwa vipimo vya hapa, zingewatosha karibu wote.

Sista aliipeleka kwa mtunza stoo wa hospitali. Mtunza stoo alikuja mwenyewe, akasimama mbele ya kibanda na karatasi mkononi.

— Hii kaifanya nani?

— Sisi, alisema Fundi.

— Sisi nani?

— Sisi wa hapa benchini.

Aliwatazama mmoja mmoja, akashindwa kuamua amuulize nani.

— Mnaweza kushona sare mia mbili?

Fundi aliwaita mafundi watatu wa mtaa wa nyuma, wakagawana saizi. Alikanyaga pedali ileile, na mkewe alimkanda goti kila jioni akigomba, ingawa safari hii aligomba huku akihesabu vifungo.

Mwezi uliofuata Sista alipita kijiweni, sare mpya mwilini, mikono mitupu. Fundi alinyanyuka kwa mazoea, akashika futi.

— Kaa tu, Fundi, sina cha kurekebisha.

— Kumbe umefuata nini?

Sista alijibanza benchini kati ya Spana na Asilimia, akanyoosha miguu, pindo likatua sawasawa juu ya viatu.

— Kahawa. Kikombe kizima.