Dakika Kumi za Saa ya Maua

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo? Najua wengine mmeshaanza kugongagonga redio zenu. Kipindi hiki huanza saa nne kamili asubuhi. Leo kimeanza saa nne na dakika kumi. Dakika kumi nzima mmesikia muziki mtupu. Redio zenu ni nzima, na sababu nitawaambia, ila mnivumilie kidogo.

Leo tunamkumbuka mtunza bustani mmoja. Alifariki wiki mbili zilizopita, akiwa na miaka themanini na mmoja. Wengi mlimjua kwa jina la utani, Mzee Dakika Kumi. Mlicheka mkilitaja. Na mimi nilicheka.

Vijana wataniuliza, bustani ipi? Ni pale penye maegesho ya magari leo, nyuma ya posta. Pale palikuwa na bustani ya jiji. Ukiingia langoni, kulia kulikuwa na bwawa lenye mashua za kupiga kasia. Kushoto kulikuwa na tausi wawili, wakali kuliko askari wa lango. Kulikuwa na farasi wa mbao waliozunguka wakilia kwi, kwi, kwi, maana hakuna aliyekumbuka kuwatia grisi. Na kulikuwa na garimoshi dogo la watoto, mabehewa manne, lililopiga honi kila kona. Mtoto aliyewahi behewa la mwisho alitamba shuleni wiki nzima.

Katikati ya hayo yote, kwenye mteremko, palikuwa na saa ya maua. Upana wake hatua sita za mtu mzima. Namba zake zilikuwa maua mekundu. Mishale ilikuwa ya chuma, na mashine ilikaa shimoni, chini ya mfuniko. Mzee ndiye aliyepanda namba zile. Ndiye aliyeshuka shimoni na spana yake kila asubuhi. Na bustani nzima ilifuata saa hiyo. Kanuni iliandikwa langoni: muda wa bustani ni ule wa saa ya maua.

Sasa, saa hiyo ilichelewa. Ilichelewa dakika kumi. Si tisa, si kumi na moja. Kila Jumatatu fundi wa manispaa alikuja kuirekebisha. Kila Jumanne ilikuwa imechelewa tena, dakika kumi zilezile. Fundi alibadilisha springi, akabadilisha meno ya mashine, nusura abadilishe kazi.

Wasikilizaji wapendwa, hapa ndipo pananiwia vigumu. Msikilizaji mmoja alituandikia barua. Alilalamika kwamba saa ya bustani haiendi na saa ya redio. Barua hiyo ilisomwa kwenye redio hii, na aliyeisoma ni mimi. Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza kazini, natafuta kuchekesha watu. Nikaongeza la kwangu. Nikasema, "Labda huyo mtunza bustani naye amwagiliwe maji, aamke." Studio nzima ikaangua kicheko. Wiki iliyofuata mzee aliachishwa kazi. Sababu ilikuwa neno moja: uzembe.

Binti yake alikuwa na miaka kumi na miwili. Leo ni mwalimu wa hesabu. Nilimtembelea wiki iliyopita, akanikaribisha sebuleni, akaniambia hivi:

"Shuleni walinipokea kwa wimbo, kaka. Dakika kumi, dakika kumi. Nilimwonea aibu baba. Akija kunichukua, nilimwambia anisubiri ng'ambo ya barabara. Akawa anasubiri huko. Hakuniuliza kwa nini. Mimi nimefundisha miaka ishirini na mbili, sijawahi kuingia darasani baada ya kengele. Kumbe miaka yote hiyo nilikuwa namkimbia baba yangu."

Baada ya kufukuzwa, mzee aliuza miche kando ya barabara, kwenye makopo ya rangi. Hakujitetea, kwa jirani wala kwa mwanawe. Wateja wakimtania kuhusu saa, alicheka nao.

Siku ya maziko walifika wanawake saba wazee ambao familia haikuwajua. Walikaa mstari mmoja. Halafu mmoja wao akamwendea binti, akamshika mkono.

"Mwanangu," akamwambia, "sisi tulikuwa washonaji wa kile kiwanda cha sare. Tulitoka kazini saa kumi na moja. Safari ya mwisho ya garimoshi ilikuwa kumi na moja na nusu. Uwapitie watoto kwa jirani, uwanawishe nyuso, ukimbie nao, unafika limeondoka dakika saba zilizopita. Kila siku tunaliona mgongo. Baba yako alituona tumekaa chini na watoto wanalia. Kesho yake saa ikaanza kuchelewa. Siku moja nikamtania, baba, hii saa yako mbona mvivu? Akaniambia, kimbia mama, garimoshi hilo!"

Dereva wa garimoshi naye alikuwepo, mzee wa kutembelea fimbo. Yeye alisema, "Nilikuwa na saa ya mkononi, nilijua kila kitu. Lakini aliniapisha. Aliniambia, ukiulizwa, sema ulifuata kanuni ya langoni. Una watoto wadogo wewe. Akaubeba mzigo peke yake."

Mzee alipoondoka, saa ya maua ilisoma sawasawa. Garimoshi likaondoka kwa wakati, mabehewa mawili matupu. Miaka miwili baadaye manispaa ikasema halina abiria, ikaling'oa. Wakafuata farasi, wakafuata tausi, bwawa likafukiwa. Sisemi ni kwa sababu yangu peke yangu. Lakini nimekaa na jambo hili wiki nzima, na usingizi umekuwa wa shida.

Nilimwomba binti radhi. Akasema, "Mimi nilimweka ng'ambo ya barabara, kaka, siwezi kukuhukumu. Ila neno lile lilianzia redioni. Lirudi redioni."

Basi nalirudisha. Mtunza bustani wa saa ya maua hakuwa mzembe. Narudia, kwa waliowasha redio sasa hivi: hakuwa mzembe. Alichelewesha saa kwa makusudi, dakika kumi, ili watoto wa washonaji wapande garimoshi. Mzembe nilikuwa mimi, niliyesoma barua bila kwenda kuuliza.

Kwa binti yake, kwa wajukuu, kwa wale akina mama saba na kwa dereva, poleni sana. Mungu ampumzishe mahali pema. Na wewe unayenisikiliza, kama kuna mtu kazini kwenu anayechekwa kila siku kwa kosa lilelile, leo mfuate umuulize kwa nini. Muulize kwa upole, usubiri jibu.

Mkuu wangu wa vipindi amesimama nyuma ya kioo, ananionyesha saa yake ya mkononi. Atataka kujua kwa nini nimeanza kwa kuchelewa. Nitamwambia kuna watu walikuwa bado njiani.