Kadi Iliyotolewa Kwenye Betri ya Micah

Wasikilizaji wapendwa, punguzeni mazungumzo kidogo. Leo tunamkumbuka Micah Kosgei wa Subukia, mbeba maziwa. Micah alikufa kwa moto wa betri. Narudia, maana kuna waliofungua redio sasa hivi: Micah Kosgei alikufa kwa moto wa betri ya pikipiki yake ya stima, uliowaka mchana, nyumbani kwake.

Alizaliwa Subukia, akasomea huko huko. Alianza kubeba maziwa kwa punda. Alipopata pikipiki ya stima, mama yake, Mama Jepkemboi, alicheka. "Nilimwambia, Micah, hii haina sauti, watu watajuaje umefika? Basi akawa anapiga mluzi kwa kila geti. Akina mama wakisikia mluzi wanatoa mitungi."

Pikipiki ilikuwa na shida moja. Ikipanda mlima na mitungi imejaa, inajizima. Ndani ya betri kuna kadi ndogo, kama ile iliyo ndani ya hii redio yako. Kazi yake ni kuchunga. Betri ikikaribia kuisha, kadi inakata stima ili isikauke kabisa. Ikijaa, inakata. Ikipata moto sana, inakata pia.

Kemboi, mwenzake wa pikipiki ya petroli, alikuwa akimpita pale mlimani akipiga kelele: "Boss, kwani umeishiwa na bando? Hata punda alikuwa anafika!" Micah alicheka. Lakini maziwa yakichelewa kufika kwa mtambo wa kupoza, yanarudishwa.

Akaenda Nakuru kwa Surjit, muuza betri. Surjit anakumbuka vizuri. "Aliniambia, mzee, nitolee hiyo kadi. Nikakataa. Nikamwambia panda na mtungi mmoja, urudie huo mwingine. Ukikausha betri mpaka mwisho halafu uichaji, inaumia ndani na wewe huoni. Akaniambia, mzee, wewe hujui mlima wetu."

Fundi mwingine aliitoa, akaunganisha waya moja kwa moja. Kuanzia hapo pikipiki haikuzima tena mlimani. Kemboi naye akaacha kelele. "Hata nilimsifu," anasema.

Kadi ilitolewa. Shikeni hilo. Sasa betri ilikuwa inakauka kabisa kila siku, na ikichajiwa hakuna wa kuiambia imetosha.

Mkewe, Chepkurui, aliona imefura ubavuni. "Nikamwambia, Baba Emmy, hii kitu ni moto, na umeshaitoa kwa stima. Akaniambia hata ng'ombe akitoka kukamuliwa ana joto. Tukacheka. Nikaendelea kupika."

Ilikuwa ikichajiwa sebuleni, nyuma ya kiti, kwa sababu nje ingeibwa. Wengi wetu tunafanya hivyo. Jumamosi moja Chepkurui alikuwa akianika nguo, Micah akiosha mitungi. Wakasikia mlio kama wa chungu kinachofoka, halafu moshi. Emmy, binti yao wa chekechea, alikuwa amelala kwa hicho kiti.

Micah aliingia. Alimpitisha mtoto dirishani, Chepkurui akampokea. Yeye mwenyewe moshi ulimzidi kabla hajafika mlangoni. Majirani walimwaga maji. Moto ukazimika, ukawaka tena. Walipomtoa alikuwa bado anapumua. Alifariki hospitalini, Nakuru. Emmy yuko salama.

Siku ya mazishi waendesha pikipiki walijaa uwanja. Mama Jepkemboi alipopewa kipaza sauti, hakumsifu mwanawe. Aliuliza tu: "Nani hapa ametoa kadi kwa betri yake?"

Mchungaji akataka kuendelea na maombi.

"Ngoja, mchungaji. Mungu hana haraka. Nimeuliza hawa watoto."

Mkono mmoja ukainuka kule nyuma. Halafu mwingine, karibu kabisa na jeneza. Kisha mingine. Wake zao wakageuka kuwatazama.

Mama Jepkemboi, Chepkurui na Emmy, sisi wa hapa redioni tunawapa pole. Mungu awashike mkono wakati wageni wameondoka na nyumba imebaki kimya.

Na wewe mama, wewe mke, unayenisikiza. Inuka uguse betri iliyo nyumbani kwako. Ikiwa imefura, ama ina moto bila kazi, isichajiwe tena. Itolewe nje, mbali na nyumba na watoto, aitwe anayezijua. Hata iliyo nzima isichajiwe karibu na mahali mtu analala. Na umuulize mwenye pikipiki, bila kumgombeza: kadi iko?

Mimi nimemuuliza kijana wangu, anaendesha pikipiki hapa mjini. Akasema, "Mathe, nani amekuambia?"

Muulizeni wenu leo, kungali mchana.